Pikipiki Isiyobeba Mkate

Jumapili, 7 Aprili

Mume wangu Cheche,

Salamu baadaye. Kwanza nijibu: umeniletea nini?

Dereva wa lori la saruji alifika jana mchana, akapiga honi mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Nikamwita mama yako, "Mama, njoo uone, mwanao kaleta gari la mikate!" Wanaume wakashika kamba, wakateremsha. Mimi mwenyewe ndiye niliyefunua turubai, tena kwa madaha, kama namfunua bibi harusi.

Nilitafuta magurudumu matatu, nikaona mawili. Nikatafuta bodi ya kuwekea kreti, nikaona kiti cha ngozi kimelala chini chini kama cha mtu anayesubiri kunyolewa ndevu. Tangi jekundu, limechongwa kama tone la maji. Mabomba mawili ya moshi yanang'aa, na humo nikajiona mwenyewe, mdomo wazi, unga kwenye nyusi. Keria hakuna. Hata pa kutundika mfuko wa vitunguu hakuna!

Fundi cherehani akauliza mbele ya watu, "Jirani, mikate utaiweka wapi, mifukoni?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nisije nikalia.

Mama aliizunguka, akaigusa taa, akasema, "Hii imekosewa njia. Ni ya mtu mwingine." Na mimi nikashikilia hilo hilo. Lakini dereva akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Aliichagua mwenyewe. Nilikuwa naye dukani. Muuzaji alimpeleka kwenye ile ya mizigo, akaipita kama haioni."

Tulikubaliana, mume wangu. Ulichora kwa kidole juu ya unga, pale pale mezani, bodi iwe na urefu gani na kreti zipangwe vipi. Mimi bado nasukuma mkokoteni, na mvua zimeanza. Mtandao ungekuwa unafika huko bondeni kwenu ningekupigia, na nadhani ungenisikia hata bila simu.

Eleza.

Mkeo,
Hamira

*

Ijumaa, 12 Aprili

Hamira wangu,

Najua umeshtuka. Hata mimi nilishtuka nilipojikuta nimeshika ufunguo.

Nilikwenda na nia ya ile ya mizigo, nakuapia. Niliiuliza bei, nikaulizia na matairi yake. Kisha nikageuka, nikaiona hii imesimama karibu na dirisha, na jua limeipiga ubavuni. Sijui nikuambieje. Kila kitu nyumbani kwetu kinabeba kitu. Meza inabeba unga, wewe unabeba kreti, mimi nabeba vyuma. Nilitaka tuwe na kimoja kisichobeba.

Nitatafuta njia ya ile nyingine. Nipe muda. Hii ifunike tu, isinyeshewe.

Samahani sikufika nyumbani. Lori jingine lilikuwa linarudi huku siku ile ile.

Kazi inakwenda vizuri. Daraja limeshakaribia ng'ambo, na mimi niko juu kila siku nachomelea, cheche zinaruka mpaka mtoni. Sisimizi anakusalimu sana. Ni yule rafiki yangu mwembamba niliyekuhadithia, anayetembea juu ya vyuma kana kwamba anatembea sebuleni kwao. Mikate uliyotufungia safari ile aliimaliza yeye.

Mbusu Mama. Mwambie haijakosewa njia.

Wako,
Cheche

*

Jumapili, 14 Aprili

Mume wangu,

"Kimoja kisichobeba." Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti, na Mama akasema, "Mwambie hata mimi sibebi kitu siku hizi, mbona hakunipaka rangi nyekundu?"

Sikiliza yaliyonipata. Jumatano nilisema potelea mbali, chuma ni chuma. Nikafunga vikapu viwili kwa kamba, kimoja huku, kimoja huku, ili niikokote hivyo hivyo mpaka shuleni. Kinyozi wa pale kona akaniwashia injini "ipate joto kidogo". Ilipata joto kweli! Kikapu cha kulia kikalalia bomba la moshi. Mikate iliungua mara ya pili, na safari hii ikanuka mpira. Nikarudi kwenye mkokoteni, mvua ikanikuta katikati ya njia, na mpishi mkuu wa shule akaupokea mkate kwa vidole viwili kama anashika panya. "Mama Mikate," akaniambia, "nakuheshimu, lakini watoto hawali sponji." Akinipata hivyo tena, atachukua kwa mwingine. Na shule ikiondoka, tanuri langu nitaliwashia nani?

Usiku silali, Cheche, naiangalia ile nyekundu chini ya turubai na kujiuliza nimeolewa na nani. Wewe, mtu wa kukagua soli ya kiatu kabla ya kununua!

Kinyozi anaitaka. Jioni anakuja kuijaribu. Akiipenda naiuza, nanunua ya mizigo, na yamekwisha. Sitakulaumu tena.

Msalimie Sisimizi. Mwambie akutie akili, wewe humsikii mwingine.

Hamira

*

Ijumaa, 19 Aprili

Hamira,

Usiiuze. Nakuomba kwa jina la chochote unachokipenda. Siwezi kueleza kwenye karatasi. Nitakuja, nitaeleza kwa mdomo. Mkokoteni nitausukuma mimi mpaka nizeeke, lakini usiiuze.

Cheche

*

Jumapili, 28 Aprili

Kwako Cheche,

Sasa nimeelewa.

Dereva wa lori ni mtu mwema, na watu wema hawajui kunyamaza. Jana nilimpa chai na mkate wa moto, akakaa kwenye kiti chako, akaanza kukusifu. "Shemeji, mumeo ana utu. Kila Jumapili yuko kwa yule mama kule ng'ambo ya kambi. Anamchotea maji, anampasulia kuni, anamzibia na bati linalovuja."

Nikauliza, "Mama gani?"

Akaitazama chai. "Nilidhani unajua."

Nikamuuliza ana umri gani huyo mama. Akasema bado kijana. Nikamuuliza ana mume. Akasema hana. Nikamuuliza kama ni mnene au mwembamba, akakohoa, akasema kwa sasa ni mjamzito. Kisha akasimama, akaaga, na mkate wake hajaumaliza.

Unachota maji, Cheche? Wewe, ambaye hapa kwako hujui ndoo inashikwa wapi? Bati letu la jikoni linavuja tangu masika ya mwaka juzi!

Kumbe pikipiki ya starehe ilikuwa na starehe yake. Kumbe "sikufika nyumbani" ilikuwa na sababu yake. Nimeshindwa kukanda. Mama ndiye aliyekanda leo, na hajui kwa nini. Nimemwambia kichwa kinaniuma.

Kinyozi alikuja na pesa, nimemrudisha. Siiuzi. Nimemwambia anifundishe kuiendesha. Klachi, gia, breki, anapiga kelele nyuma yangu na mimi nalia ndani ya kofia ngumu, hakuna anayeona. Nitakuletea mwenyewe. Nitaiegesha mlangoni pa huyo mwanamke, nitakupa ufunguo mbele yake, nirudi kwa miguu.

Usijisumbue kujibu.

Hamira

*

Ijumaa, 3 Mei

Mke wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mungu wangu. Kumbe hapo ndipo nilipokufikisha.

Mficha uchi hazai. Nimeficha, na sasa acha nivue.

Sisimizi amekufa.

Alikufa mwezi wa tatu, kabla sijakwenda dukani. Nilipokuandikia kwamba anakusalimu, alikuwa ameshazikwa. Sijui kwa nini niliandika vile. Kalamu ilifika pale inapoandika jina lake kila mara, nikashindwa kuizuia.

Tulikuwa juu, mimi na yeye, asubuhi tu, hali ya hewa nzuri. Alifungua ndoano ya mkanda wake wa usalama ahamie chuma cha pili, kama tunavyofanya wote. Alikuwa ananiongelesha. Unajua alikuwa anasema nini? Habari ya pikipiki. Alikuwa na picha aliyoikata gazetini: nyekundu, tangi kama tone. Kila siku ilikuwa hiyo hiyo. Daraja likiisha ataichukua, atakwenda. Tukimuuliza utakwenda wapi, anasema, "Kwenda siyo lazima uwe na wapi." Basi akawa ananionyesha kwa mikono jinsi usukani wake ulivyo mpana. Akaachia chuma ili anionyeshe. Hamira, alikuwa anacheka. Nilikuwa naangalia uso wake, na mara nikawa naangalia mahali uso wake ulipokuwa.

Sikupiga hata kelele. Nilibaki nimeshika chuma mpaka wakaja kunibandua vidole.

Tangu siku ile sijapanda. Nilikudanganya na hilo pia. Mguu ukikanyaga ngazi, mwili mzima unakufa ganzi. Msimamizi amenihurumia, amenipeleka stoo, nagawa glavu na vifaa. Sikukuambia kwa sababu ungesema rudi nyumbani, nami nikaona aibu kurudi mchomeleaji asiyeweza kupanda ngazi.

Dukani nilikwenda kununua yako. Nikaiona yake. Ile ile. Sikufikiri, nilinyoosha mkono tu, kama ambavyo nilipaswa kunyoosha mkono siku ile.

Huyo mwanamke ni mjane wake. Nachota maji kwa sababu hakuna wa kumchotea. Hajui habari za pikipiki, sijathubutu kumwambia.

Nitalipa chochote unachotaka nilipe, ila usiniambie nina mwanamke mwingine.

Cheche wako

*

Jumapili, 5 Mei

Mwanangu,

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Lori limechelewa, limefika leo badala ya jana, na barua yako imemkuta mkeo hayupo.

Ameondoka leo asubuhi. Kwa hiyo pikipiki. Sikujua! Aliniambia anakwenda kuijaribu mpaka kwenye daraja dogo la soko. Nikamwona amevaa koti lako la mvua, suruali yako, amejifunga kitambaa usoni. Nikamwambia, "Mkwe wangu, umekuwa kama jambazi." Akanikumbatia mpaka mbavu zikanilia, akaondoka. Nilipoingia ndani nikaona simu yake kaiacha mezani, na kofia yako ya kazini, ile ya zamani, kaipasua vipande vipande. Hapo ndipo niliposhtuka.

Dereva alipokuja na barua yako nilimwambia anisubiri, nikatafuta miwani, nikaifungua. Nisamehe, ilikuwa ya mkeo, lakini ningefanyaje? Niliposoma habari za yule kijana nilikaa chini sakafuni, mimi na magoti yangu haya. Dereva akadhani nimezimia. Nikamwambia, "Ondoa lori, mfuate mwanangu wa kike, mwambie asimguse huyo mjane!" Akasema, "Mama, lori la saruji halimfikii yule. Nimepishana naye kilimani. Nilidhani ni mwanamume."

Kwa hiyo barua hii haitamwahi, atafika kwako yeye kwanza. Akifika anapiga, pigwa. Akimaliza, mweleze.

Na wewe, mtoto wangu, nani aliyekufundisha kwamba mtu akiogopa anyamaze? Baba yako aliogopa paka, na nilimpenda hivyo hivyo.

Mkate wa shule kesho nitaoka mimi. Fundi cherehani atausukuma mkokoteni. Nimemwambia si alicheka, basi asukume.

Mama yako

*

Alhamisi, 9 Mei

Mama,

Naandika nikiwa njia panda, karatasi nimeiweka juu ya tangi. Dereva wa lori amesimama hapa anakunywa chai, anangoja nimalize akuletee. Niko salama. Mwanao yuko salama, sikumpiga. Nimesikia kwa dereva kwamba ulitaka anifuate kwa lori. Nisamehe kwa kukuaga kwa uongo.

Nitakuambia yote, ila kwanza nikuambie la aibu. Jumapili nilitoka hapo na hasira ya kuvunja mlima. Nilikuwa nimepanga maneno, moja baada ya jingine, ya kumwambia huyo mwanamke. Nikapanda kile kilima cha kwanza, nikaanza kuteremka, upepo ukaingia kwenye koti, na nilipokuja kujisikia nilikuwa naimba. Mama, naimba! Ninakwenda kuivunja ndoa yangu na naimba! Nikasimamisha kando ya barabara nikajitukana. Nikaondoka tena, na kwenye kona ya pili nikaanza tena.

Nilifika kambini mchana wa siku iliyofuata, baada ya kulala kwenye nyumba ya wageni. Nilipoizima injini hakukuwa na sauti hata moja. Watu wote juu ya vyuma walikuwa wamesimama, wananiangalia. Nilidhani wanashangaa mwanamke. Mlinzi alikuwa ameivua kofia yake, ameishika kifuani, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye tangi.

"Cheche yuko wapi?" nikauliza. Nikatazama juu, nikimtafuta. Akanionyesha stoo.

Nilimkuta nyuma ya dirisha dogo anagawa glavu. Mama, amekonda, shingo imebaki kamba. Nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni. Nikasema moja tu, "Yuko wapi huyo mwanamke?"

Akasema, "Hukupata barua yangu?"

"Barua gani?"

Alitoka, akanishika mkono kama mtu anayevuka barabara, tukaikokota pikipiki mpaka kwenye nyumba ndogo nyuma ya kambi. Mikono yake ilikuwa ya baridi na jua linawaka. Mimi nikasema moyoni, ana ujasiri huyu, ananipeleka mwenyewe.

Msichana alikuwa nje amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anachagua maharage, tumbo limemkaa magotini. Akanyanyua uso. Hakuniona mimi kabisa. Aliiona pikipiki. Ungo ukamtoka, maharage yakatawanyika uwanja mzima, akapiga ukelele ambao naomba nisiusikie tena maishani. Nikadhani uchungu umemshika. Nikaiachia pikipiki nikamkimbilia, mimi niliyekuja kumgombeza, nikamshika kiuno.

"Ndiyo yenyewe," anasema. "Ndiyo yenyewe. Nani kaileta?"

Ndipo Cheche alipoongea. Alituambia wote wawili pamoja, amesimama, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Yote uliyoyasoma wewe mimi nimeyasikia hapo, Mama, na mjane amenishikilia. Nilikuwa nimemwambia Sisimizi amtie mume wangu akili, na Sisimizi alikuwa kaburini.

Kisha msichana akaiendea pikipiki, akaipitishia kiganja kitini.

"Picha yake ilikuwa ukutani hapa," akasema. "Niliichana. Nikawashia moto." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilimwambia, tunatarajia mtoto, wewe unawaza mchezo. Nikamwambia, mwanamume mwenye akili ananunua ya kubebea mkaa. Asubuhi ile ndiyo tuliyogombana hivyo. Akatoka anacheka. Akasema atakwenda kuongea na Cheche, Cheche ataelewa."

Nilikaa chini nikaanza kuokota maharage. Naye akakaa. Tukaokota.

Baadaye akaomba niiwashe. Nikaiwasha. Alisimama karibu na bomba, amefumba macho, amesikiliza mpaka nikaogopa. Akasema, "Alikuwa anauiga huu mlio kwa mdomo kila akinawa uso. Hakukosea sana." Akafumbua macho. "Nyinyi mmekuja nayo kufanya nini?"

Nikamwambia ukweli. "Mimi nimekuja kumpa mume wangu ufunguo mbele yako, halafu nikutukane."

Alinikodolea macho. Kisha akacheka, Mama. Alicheka ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka, na Cheche amesimama katikati hajui amshike nani.

Tulimwambia achukue, ni yake. Alikataa katakata. Alisema akiiona kila siku atakufa, ila asisikie tumeiuza. Dada yake anakuja mwisho wa wiki kumchukua akajifungulie kwao. Nimekaa naye siku hizi, nimemwokea mkate kwenye sufuria, si mzuri, ameula wote.

Msimamizi amempa Cheche ruhusa ya kurudi nyumbani. Hakuna aliyemcheka. Nilipomwambia apande nyuma yangu alinishika kama mtu anayezama. Nilikwenda taratibu sana. Baada ya muda mikono ikalegea kidogo. Baada ya muda mwingine nikasikia kitu mgongoni, nikadhani analia. Labda alikuwa analia. Lakini alikuwa anaimba pia, tena vibaya, unaijua sauti yake.

Ya mizigo bado hatuna, najua. Mvua bado inanyesha na mpishi wa shule bado ana vidole viwili. Sijui tutafanyaje, na nashangaa kwamba leo sijali sana. Mwombe fundi cherehani avumilie.

Tumefika hapa njia panda asubuhi hii. Kushoto ni nyumbani. Kulia ni barabara ya vumbi tu, muuza chai anasema inakwenda, inakwenda, inaishia milimani, hakuna kitu huko. Nilipunguza mwendo, nikamuuliza mwanao bila kugeuka, "Twende wapi?"

Alinigusa bega la kulia.

Kwa hiyo tutachelewa, Mama. Usituwekee chakula.

Mkweo,
Hamira